Fomu Kumi na Moja za Makunduchi

Mkunazini, Mjini Unguja
9 Machi 1969

Mwanangu Jecha,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, lakini najua pia kwamba barua yako itaanza na shikamoo, kwa hiyo naitikia mapema tusipoteze karatasi.

Sisi huku wazima. Bi Shemsa yu mzima na ameanza kupaka chokaa nyumba, jambo ambalo huniondoa barazani mapema kuliko nipendavyo. Goti langu la kushoto linatabiri mvua, la kulia halisemi kitu. Nisalimie shemegi yangu Bi Time, mama yako.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Ame, yule utingo wa gari ya Makunduchi, ameniambia umeweka meza barazani kwa Mzee Mjaka, mbele ya duka lake, na kutundika kibao: JECHA KIFICHO, MJAZAJI FOMU ZA KODI. Nimefurahi. Ramadhani nzima ulikaa na mimi hapa ukiniangalia ninavyowajazia watu fomu, nami nikidhani unasinzia.

Lakini kuangalia si kufanya, basi ngoja nikueleze. Fomu zinatakiwa ofisi ya kodi kabla ya mwisho wa mwezi huu. Fomu yenyewe ni nyepesi. Kizito ni mtu. Wiki hii amenijia muuza kahawa wa Malindi, anataka apunguziwe kodi kwa ajili ya vikombe vilivyovunjika.

"Vingapi?" nikamuuliza.

"Arubaini, Mzee Shaame."

"Vyote mwaka mmoja?"

"Vyote siku moja. Nilijikwaa."

"Na unavyo vikombe vingapi kwa jumla?"

"Kumi na viwili."

Mtu kama huyu usimcheke. Mpe maji, mwache ahesabu upya. Yuko na yule wa kapu: anamwaga mezani stakabadhi, karatasi za sambusa, barua ya talaka ya dada yake na kipande cha papa mkavu, kisha anakwambia, "Hesabu zangu zote zimo humo." Na yuko wa Darajani ambaye akiambiwa kodi yake ni shilingi sitini, husema "arubaini" na kuanza kuondoka polepole, akitaraji serikali itamwita.

Kuhusu ujira, mimi sitozi pesa. Kinyozi hunyoa, fundi viatu hushona, na yule mzee wa halua huniletea ratili mbili kila Alkhamisi. Ni njia safi, haina makaratasi.

Niandikie umepata wateja wangapi. Bi Shemsa ananiita nihamishe kabati.

Ami yako,
Shaame Kificho


Makunduchi
21 Machi 1969

Ami Shaame,

Shikamoo tena, maana ya kwanza umeshaiitikia.

Mama hajambo na anakusalimu. Anasema kapu lake la ukindu aliloliazima Bi Shemsa wakati wa Idi, kama kazi yake imekwisha, apewe Ame alirudishe. Mbuzi wetu amezaa pacha.

Ami, nimepata wateja kumi na mmoja! Fomu zao zote zimo ndani ya bahasha hii kubwa, nakuomba unifikishie ofisini, kwani mimi siwezi kuiacha meza. Kazi ni kama ulivyosema. Bi Mwanakhamis, muuza kamba za makumbi, nilimuuliza amepata kiasi gani, akanijibu, "Nani kakwambia nimepata?" Kurwa, mchoma chokaa, nilimuuliza ana watoto wangapi.

"Tunao tisa," akasema.

"Wako wewe wangapi?"

"Nshakwambia, tunao tisa."

Anaishi nyumba moja na pacha wake, Doto, na hakuna aliyewahi kuwagawa watoto wale. Nimeandika wanne na nusu.

Mzee Mjaka yeye alitaja mapato ya duka lake kwa sauti iliyofika msikitini, kisha akaninong'oneza, "Lakini hilo usiliandike." Ni mzee mwema. Binti yake Mwanakheri ananiletea kahawa asubuhi. Na adhuhuri ananiletea kahawa. Hesabu za Bi Mwanakhamis alizijumlisha yeye, akiwa amesimama na sinia ya kahawa mkononi, na akapata sawa kabla yangu. Kahawa yake haina tangawizi nyingi.

Kuna hila moja niliyoibuni mwenyewe, nadhani utaipenda. Watu hawakumbuki walichopata mwaka mzima. Lakini huku kwetu kila mtu humaliza madeni na ugomvi wake kabla ya sikukuu ya Mwaka Kogwa, kisha huanza upya. Basi niliwauliza tangu Mwaka Kogwa wa juzi mpaka Mwaka Kogwa uliopita. Ami, walikumbuka mpaka senti! Na tarehe nikaziandika kama wazee wetu wanavyozihesabu, kwa makumi ya siku.

Mwanao,
Jecha


Mkunazini, Mjini
2 Aprili 1969

Mwanangu Jecha,

Marahaba. Hapa ni salama. Bi Shemsa amemaliza chumba cha kwanza, na mimi nimehamia cha pili na kabati langu.

Bahasha niliipeleka siku ya mwisho, saa tano, nikaitia kwenye dirisha la pili mkononi mwa Bwana Shamsi, karani mpole na mwenye mwandiko mzuri. Sikuifungua. Mtu niliyemfundisha mwenyewe ya nini nimpekue? Nami nilikuwa na haraka, kwani muuza kahawa wa Malindi alikuwa ameongeza sahani.

Barua yako sikuwahi kuisoma mpaka mwisho, Ame alikuwa akipiga honi. Lakini nimeona umeitaja kahawa mara nne katika aya moja. Ngoja nikueleze kuhusu kahawa. Kahawa haiji mezani yenyewe, inaletwa na mtu, na mtu huyo ana baba, na baba huyo ni mteja wako. Kama una jambo la kumwambia Mzee Mjaka, ngoja kodi yake ikubaliwe kwanza. Mtu aliyepata stakabadhi ya kodi huwa mlaini kwa siku tatu hivi.

Ami yako,
Shaame


Makunduchi
18 Mei 1969

Ami Shaame,

Shikamoo. Mama mzima, mbuzi wazima, kapu bado halijafika. Mimi si mzima.

Fomu zimerudi zote. Barua ya Bwana Shamsi ina mwandiko mzuri kweli, ndiyo maana imeniuma zaidi. Anauliza hivi: "Siku ya saba ya kumi la thelathini na moja ndiyo tarehe gani?" Tena anauliza, kwa kuwa fomu ilitaka mapato ya Januari mpaka Disemba 1968, kwa nini watu kumi na mmoja wa kijiji kimoja hawakupata hata senti tangu Julai mpaka mwisho wa mwaka. Ameandika, "Je, palikuwa na tauni?" Na kwa Kurwa ameandika, "Huyu mtoto wa nusu aletwe ofisini."

Ami, ni ile hila yangu ya Mwaka Kogwa. Nimewaandikia mwaka wa Makunduchi, unaokwisha Julai, katika fomu ya mwaka wa serikali.

Zikirudishwa zimesahihishwa kabla ya tarehe 15 Julai, hapana neno. Zisiporudi, faini ni shilingi hamsini kwa kila mtu. Wateja wameitana barazani. Mzee Mjaka amesema, "Hamsini! Kwa hamsini si nanunua mbuzi, mama yake na kamba ya kumfungia?" Bi Mwanakhamis akadakia, "Kamba kwangu." Kisha Mzee Mjaka akakigeuza kibao changu kikaangalia ukuta.

Mimi nilikuwa nimeshajikaza na kumtaja Mwanakheri kwake, juma moja kabla. Sasa amenipa jibu: "Mwenye kukosea mwaka mzima atakosea na siku ya harusi. Fomu zikipokelewa, njoo tuzungumze. Zisipopokelewa, usije hata kununua kiberiti."

Kusahihisha ninaweza, nimeshaanza. Lakini kwa kuwa mimi ni mgeni katika kazi, Bwana Shamsi anataka fomu zisainiwe na mjazaji wa zamani, na mjazaji huyo aonyeshe stakabadhi ya kodi yake mwenyewe. Nikasema alhamdulillahi, ninaye ami yangu. Tafadhali itoe stakabadhi yako, nikuletee fomu usaini, tumalize.

Mwanao,
Jecha


Mkunazini, Mjini
30 Mei 1969

Mwanangu Jecha,

Marahaba, na pole sana. Bi Shemsa anakupa pole na amefikia jikoni na chokaa yake.

Usijione mjinga. Nitakueleza jambo hili lilivyo, ulielewe mpaka mzizi. Mwaka wa Kizungu una siku mia tatu na sitini na tano, na kila mwaka wa nne wanaongeza moja, kwani jua halikubaliani nao vizuri. Mwaka wetu wa Kiislamu unafuata mwezi, unapungua siku kama kumi na moja, ndiyo maana Ramadhani hutembea. Na mwaka wa kilimo na bahari, ambao watu wa kusini mnauoga na kuupigania, una makumi thelathini na sita na siku tano za juu. Baba yako marehemu alikuwa akiniambia siku ya kupanda kunde kwa makumi hayo, na hakukosea hata mara moja. Kila hesabu ni ya kweli kwa wenyewe. Kosa lako ni kwamba uliipeleka hesabu ya kunde kwenye dirisha la pili.

Na mimi nina fungu langu katika kosa hili. Ningeifungua ile bahasha, ningeliona. Nilikuwa nikijisifu kwamba nakuamini, kumbe nilikuwa mvivu.

Kuhusu lile jambo la stakabadhi, nilikuwa na mengi ya kusema, lakini karatasi imeisha.

Ami yako,
Shaame


Makunduchi
8 Juni 1969

Ami Shaame,

Shikamoo. Mama anasema la kapu halisemi tena, anasubiri kuona.

Maelezo ya miaka yamenifaa, nimewasomea wateja na wote wamekubali kwamba makosa si ya mwaka wao. Wamebaki kukubaliana kwamba makosa ni yangu.

Ami, karatasi yako haikuisha. Ilikuwa na nusu ukurasa mtupu. Mwanakheri ameikata akafungia pilipili manga.

Fomu kumi nimeshazimaliza, imebaki ya Kurwa. Yeye na Doto wamekaa siku nzima kugawana watoto kwa ajili ya serikali, wakafika wanne kwa wanne, na wa tisa hawawezi, kwani kila mmoja anamtaka aende kwa mwenzake. Nitakaa nao Jumamosi.

Nauliza tena kwa adabu. Stakabadhi ipo?

Mwanao,
Jecha


Mkunazini, Mjini
19 Juni 1969

Mwanangu Jecha,

Marahaba. Bi Shemsa yuko ukumbini, amepanda ngazi. Goti la kulia nalo limeanza kusema.

Stakabadhi, kama jina lake lilivyo, ni karatasi. Na karatasi, kama unavyojua, ni kitu chepesi. Nyumba ikipakwa chokaa, vitu vyepesi huhamahama. Kabati limehamia chumba cha pili, la chumba cha pili limekwenda ukumbini, na juu ya sanduku la makaratasi yangu amelalia kuku wa Bi Shemsa, mayai tisa. Kumwinua kuku anayeatamia si jambo la kiungwana. Kuku huatamia siku ishirini na moja. Bata, kwa mfano, huchukua ishirini na nane. Njiwa ni kumi na saba au kumi na nane, na hapo ndipo watu wengi hukosea.

Halafu kuna suala la mvua. Halafu ofisi nasikia ina foleni. Huenda kukapatikana mjazaji mwingine wa zamani huko Ng'ambo, kijana zaidi yangu, mwenye magoti. Nikimkumbuka jina nitakuandikia.

Kula vizuri. Usiache kusali.

Ami yako,
Shaame


Makunduchi
24 Juni 1969

Ami Shaame,

Shikamoo. Sote wazima.

Nimezisoma barua zako zote upya, tangu ya Machi. Umenieleza vikombe, mapapa, kahawa, jua, mwezi, kunde, kuku, bata na njiwa. Mimi kukuuliza nimekuuliza kitu kimoja tu, mara mbili, na mara zote mbili umenijibu kitu kingine.

Ame anasema amepita kwako Jumatatu na kuku alikuwa uani anachakura.

Fomu kumi na moja ziko tayari. Zimebaki siku ishirini na moja, ambazo umenifundisha mwenyewe kwamba zinatosha kuangua vifaranga. Mwanakheri haleti tena kahawa, anamtuma bibi yake, naye anaiweka mezani bila ya kuniangalia.

Ami, niwie radhi. Wewe mwenyewe umewahi kujaza fomu yako?

Mwanao,
Jecha


Mkunazini, Mjini
29 Juni 1969

Mwanangu Jecha,

Marahaba.

Hapana.

Sasa nitakueleza, ingawa mara hii natamani nisingekuwa na la kueleza. Nilipoacha kazi ya ukarani mwaka sitini na nne na kuweka meza barazani, nilikusudia niwamalizie watu kwanza, yangu iwe ya mwisho. Siku ya mwisho ilipofika nilikuwa namjazia kinyozi, na dirisha likafungwa. Mwaka wa pili nikasema, nikienda leo wataniuliza wa kwanza. Mwaka wa tatu wangeniuliza miwili. Unaona inavyokwenda. Sasa ni mitano.

Nikajituliza kwamba sipokei pesa, basi sina mapato. Ratili mbili za halua kila Alkhamisi, nikasema, ni mapenzi. Lakini muuza ndizi mmoja aliwahi kuniambia maneno hayo hayo juu ya mashelisheli anayolipwa, nikamtolea hotuba ya robo saa, nikamwandikia mashelisheli yake yote.

Watu wa Mkunazini wananiita mwalimu wa kodi. Kila Machi nalipeleka bunda la fomu zao dirisha la pili, Bwana Shamsi ananiambia, "Mzee Shaame, watu wangekuwa wote kama wewe!" nami naitikia kwa kichwa na kutoka haraka. Nilikuwa radhi wateja wako watozwe faini kuliko yeye ajue. Hilo ndilo linalonitia haya, si kodi.

Bi Shemsa nimemwambia leo. Amesema alikuwa akijua tangu mwaka sitini na tano, na kwamba chokaa alianza kupaka ili nilazimike kuyatoa makaratasi.

Ame anakuletea makaratasi yangu yote. Hesabu zangu zote zimo humo.

Shaame


Makunduchi
3 Julai 1969

Ami yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyengine juu yake.

Kapu limefika. Mama amelitambua kwa kishikio. Anasema sasa ameelewa lilikokuwa, na niendelee kulitumia mpaka kazi iishe, lakini lisikae na papa. Maana humo ndani, pamoja na makaratasi, mlikuwa na kipande cha papa mkavu.

Usihuzunike, Ami. Kizito si fomu. Nimekunywa maji, nimekaa, nimeanza. Nina maswali machache.

Kichwa chako kinanyolewa mara ngapi kwa mwezi, na kinyozi hutoza wengine kiasi gani? Viatu ulivyoshonewa ni jozi ngapi? Umeandika "kama tatu hivi". Kama tatu ni ngapi? Halua ya Alkhamisi: miaka mitano, ukiondoa Ramadhani ambapo umesema ilikuwa ratili nne. Katika karatasi umeandika "halua kidogo". Bi Shemsa ametuma salamu kwa Ame kwamba haikuwa kidogo, na kwamba ana ushahidi wa mikanda miwili isiyokutosha tena.

Na vikombe saba ulivyoviandika kuwa vimevunjika kazini, Ami, naomba uvihesabu upya.

Jibu haraka. Fomu zako tano nitazileta mwenyewe tarehe 12, pamoja na zile kumi na moja.

Mwanao,
Jecha


Mkunazini, Mjini
14 Julai 1969

Mwanangu Jecha,

Marahaba. Uliondoka jana asubuhi kuwahi gari ya Ame na hukujua mwisho wake, basi huu hapa.

Leo asubuhi nilivaa kanzu ya Ijumaa na koti. Foleni ilikuwa ndefu na mbele yangu alikuwa muuza kahawa wa Malindi. Akaniuliza, "Mzee Shaame, leo umemletea nani?" Nikasema, "Nimejileta mwenyewe." Akanipa nafasi yake. Sijui kama ilikuwa heshima au alitaka asikie vizuri.

Bwana Shamsi alizisoma fomu tano zote. Akasimama kwenye halua. Akaita mwenzake wa dirisha la kwanza, wakaisoma wote wawili. Akanyanyua uso.

"Mzee Shaame, ratili mia tano na sitini za halua?"

"Kwa miaka mitano," nikasema.

"Peke yako?"

"Na Bi Shemsa."

"Bi Shemsa alikula ngapi?"

"Yeye haipendi."

Hakucheka, Mwenyezi Mungu amjaze kheri. Alipiga hesabu, akaniambia kodi na faini pamoja ni shilingi sabini na mbili.

Mwanangu, nitakueleza jambo ambalo silielewi. Mdomo wangu ulisema, "Hamsini." Kisha miguu yangu ikaanza kuondoka polepole kuelekea mlangoni. Nilifika mlangoni. Hakuniita. Nikageuka nikarudi, na foleni yote ikaniachia njia kwa adabu.

Nimelipa. Stakabadhi ninayo, namba mia mbili na nne, ina harufu ya wino. Nikaiweka kwenye dirisha, nikatia saini fomu zako moja moja, na mara hii kila moja niliisoma kabla ya kutia. Hazina kosa. Ile ya Kurwa umeandika vizuri: watoto wanne, na wa tisa anajadiliwa. Bwana Shamsi amegonga muhuri zote kumi na moja. Amesema, "Huyu Jecha ni nani? Ana mkono mzuri." Nikamwambia ni mjazaji wangu.

Stakabadhi za wateja wako zimo humu. Mpe Mzee Mjaka yake mkononi, mbele za watu, usiseme neno.

Ami yako,
Shaame


Makunduchi
2 Agosti 1969

Ami Shaame,

Shikamoo. Mama mzima, amefurahi na kapu lake. Naandika kwa mkono wa kushoto, utanisamehe.

Nilifanya kama ulivyosema. Mzee Mjaka aliichukua stakabadhi, akaisoma, akaiweka kwenye kofia, akasema, "Jibu utalipata siku ya Mwaka Kogwa." Sikuelewa.

Siku hiyo, kama kawaida, watu wa upande wa kusini na wa kaskazini walikutana uwanjani na mabua ya migomba ili wapigane na wamalize chuki za mwaka. Mimi nilisimama upande wetu. Filimbi ilipolia, nikaona wote wanaangalia kwangu. Pande mbili zilipatana, Ami, nadhani kwa mara ya kwanza tangu pawe na Makunduchi. Kurwa alikuja kwa kulia, Doto kwa kushoto, ingawa Doto hata si mteja. Bi Mwanakhamis, ambaye alipaswa kuwa kando na wanawake wanaoimba mafumbo, aliacha kuimba akaingia na bua lake, likatua kwenye mkono wangu wa kulia. Wanawake waliobaki waliimba kuhusu mtu aliyepoteza miezi sita akaitafuta kwenye kunde.

Mzee Mjaka alikuja wa mwisho. Alinipiga matatu ya mgongo, taratibu, akihesabu. Kisha akatupa bua, akanishika mkono, akanipeleka penye kibanda cha makuti kinachochomwa kuuaga mwaka, akasema, "Basi, mwaka umekwisha na maneno yake yamekwisha. Mlete ami yako tuzungumze posa. Lakini barua ya posa iwe na tarehe ya serikali na tarehe ya kwetu, zote mbili, na Mwanakheri atazikagua." Alikuwa amesikia redioni kwamba watu wamefika mwezini, akaniuliza kama huko nako kuna mwaka wao, na unaanza lini.

Kibao changu kinaangalia barabara. Mwanakheri ameleta kahawa. Nimemwomba atie tangawizi atakavyo.

Sasa la mwisho. Ratili mbili za halua ulizoniletea kwa mkono wa Ame kuwa ujira wangu zimefika, nashukuru. Nilitaka kuziandika pale pale katika hesabu zangu za mwaka huu, kabla sijafungua karatasi, kama ulivyomwagiza Ame aniambie. Lakini nilipoipima kwenye mizani ya dukani ilikuwa ratili moja na robo, na Ame alikuwa anapangusa vidole kwenye suruali. Niandike mapato ya ratili mbili, kwa kuwa ndizo ulizonilipa? Au moja na robo, kwa kuwa ndiyo iliyonifikia? Na ile robo tatu ni hasara yangu, au ni mapato ya Ame, naye ajaziwe fomu? Tafadhali nieleze.

Mwanao,
Jecha


Mkunazini, Mjini
7 Agosti 1969

Mwanangu Jecha,

Marahaba. Tunakuja Jumamosi mimi na Bi Shemsa kwa ajili ya posa. Nyumba imekwisha, nyeupe pepepe. Stakabadhi yangu nimeitia kwenye fremu.

Kuhusu halua nimefikiri siku mbili.

Sijui. Kaulize dirisha la pili.

Ami yako,
Shaame Kificho